Ngozi imekataa wembe kabisa, ninunue mashine gani ya ndevu?

Otis wa Pipeline

Wasee habari zenu. Naomba msaada kwa wale wanajua mambo ya mashine za ndevu, si za kichwa, za ndevu kabisa, kwa sababu ngozi yangu na wembe haziwezi kaa pamoja tena. Nafanya kazi hotelini upande wa Westlands hapa Nairobi, nahudumia wageni, na sheria ya pale ni kidevu safi, supavaiza anakuangalia uso kabla hujaingia shifti. Shida iko chini ya taya na kwa shingo. Nikinyoa leo asubuhi, kesho kutwa vipele vimejaa, vinawasha, vingine vina usaha kwa ncha, halafu kola ya shati inasugua siku nzima mpaka jioni ukivua unakuta vidoa vya damu ndani. Vikipona vinaacha weusi. Ukipitisha kidole hapo unasikia vitu vigumu vidogo vidogo vimejipanga chini ya ngozi.

Nimetoka wembe wa kawaida nikaenda ule wa visu vitatu, nikaenda wa visu vitano nikiambiwa ndio laini, na huo wa vitano ndio ulileta balaa zaidi. Ndimu nimepaka, spiriti nimepaka, aloe vera nimepaka. Sasa jamaa wa kazini ananiambia ninunue mashine ya stima lakini nikienda tao naona aina nyingi, kuna ya wavu, kuna ya vichwa vitatu vya mviringo, kuna ile trima nyembamba ya kinyozi, na bei zinapishana vibaya sana. Binamu yangu yuko Marekani amesema anaweza kunitumia moja kutoka huko. Bajeti yangu ni kama elfu tano hivi, naweza kuongeza kidogo kama kitu ni kizuri kweli. Nataka kujua ipi inafaa mtu mwenye ndevu za kipilipili na ngozi kama hii yangu, na kama kweli nitaweza kukaa nadhifu kazini bila haya mateso. Mwenye amepitia aniambie, nitashukuru sana.

Kinyozi wa Umoja

Pole sana ndugu yangu. Nanyoa watu hapa Umoja miaka mingi na hii shida naiona kila wiki, kijana anakuja na shingo imevimba na bado ananiambia nimpitishie wembe, nakataa.

Kwanza uelewe venye inatokea ndio usinunue kitu kwa sababu ya tangazo. Nywele zetu za kipilipili zimejikunja tangu ndani kwa shina. Wembe ukizikata chini kabisa tena kwa mshazari, ncha inabaki kali kama mkuki, ikikua inageuka inarudi kudunga ngozi. Ule wa visu vingi ndio hatari zaidi kwa sababu kisu cha kwanza kinavuta nywele juu, cha pili kinakata, halafu nywele inarudi ndani chini ya usawa wa ngozi, sasa ikianza kukua inatoboa ngozi ikiwa bado huko ndani. Mwili unaichukulia ni kitu kigeni, unavimba, unatoa usaha. Hivyo vitu vigumu unasikia na kidole ni nywele zako mwenyewe.

Kwa hivyo usiulize mashine ipi inanyoa chini kuliko zote. Mtu kama wewe anatafuta ile inaacha kidogo, nusu milimita mpaka milimita moja. Hiyo ukisimama mbele ya mgeni mezani haonekani mtu mwenye ndevu, anaonekana amenyoa jana. Na kwa hiyo kazi hakuna kitu inashinda trima ya kawaida, ile ya meno yenye umbo la T, unatumia bila kichana cha plastiki. Hakikisha tu meno hayajasogezwa yakalingana kabisa, kuna makinyozi wanapenda kuyalinganisha ndio laini ya nywele itoke kali, hiyo kwa ndevu zako itakata ngozi na itakurudisha pale pale. Angalia kwa karibu, meno ya juu yanayocheza lazima yawe nyuma kidogo ya yale ya chini.

Venye utafanya: nyoa uso ukiwa mkavu kabisa, paka poda kidogo ya mtoto mashine iteleze, fuata nywele zinakoelekea. Kwa shingo za wengi wetu nywele za chini zinapanda juu, za kando zinalala upande, so pitisha vidole kwanza ujue ramani ya shingo yako. Usivute ngozi. Hiyo tabia ya kuvuta shavu na mkono mwingine iachane nayo kabisa, ukivuta unakata chini, ukiachilia nywele inazama. Na usirudie mahali pamoja mara nne mara tano, pita mara moja, mbili ikizidi.

Mashine ya wavu si mbaya, nitakuja kuieleza, kuna mteja anangoja.

Dada wa Famasi

Kaka Otis pole. Nafanya kazi famasi hapa tao na nimefurahi Kinyozi ameanza na chanzo. Nataka niongeze upande wa ngozi kwa sababu ukinunua mashine nzuri ukaipitisha juu ya shingo iliyovimba utasema mashine ni mbaya.

Kama unaweza kupata likizo au hata kuomba ruhusa, usinyoe kabisa kwa karibu mwezi mmoja. Nywele zikifika kama sentimita moja zile zilizozama nyingi zinajichomoa zenyewe. Ukiona moja imejikunja juu ya ngozi imetengeneza kitanzi, chukua sindano safi uliyopangusa na spiriti, inua kitanzi tu kitoke, usiing'oe. Ukiing'oa inayofuata itakua kutoka ndani kabisa na utarudia yale yale. Asubuhi kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika chache kwa shingo, usiku dawa ya benzoyl peroxide ya asilimia 5 kiasi kidogo kwa vipele vyenye usaha, na ujue hiyo dawa inachubua rangi ya nguo, kwa hivyo lalia taulo ya zamani na shati ya kazi ivae asubuhi ukishaosha shingo.

Ndimu acha. Ndimu ikipigwa na jua inaweza kuunguza ngozi na kukuongezea huo weusi. Spiriti kwa mashine ni sawa, kwa shingo yenye vidonda inakausha na kuwasha. Na tafadhali sana, zile krimu za steroidi ambazo watu wanauziwana bila swali lolote ati za vipele, daktari akikupa za siku chache ni sawa, lakini ukizipaka miezi ngozi inakuwa nyembamba na hata mashine laini itaikwaruza. Nimeona shingo za vijana zimeharibika kwa hizo tyubu na inaniuma kwa sababu wanaziamini kwa vile siku tatu za kwanza zinafanya kazi.

Kama kuna uvimbe mgumu unaendelea kukua hata baada ya kuacha kunyoa, au viko pia kisogoni pale kinyozi anapochora laini, onyesha daktari wa ngozi mapema. Hiyo ya kisogo ikiachwa inaweza kuwa makovu ya kuvimba ambayo hayarudi chini yenyewe. Kuna pia laza ya kupunguza nywele, na kwa ngozi nyeusi inayofaa ni aina inayoitwa Nd:YAG, yenye mwanga wa nanomita 1064, kwa sababu inapita rangi ya ngozi bila kuichoma sana, ila ni gharama, kwa bajeti yako tuanze na mashine.

Otis wa Pipeline

Asanteni sana, sijawahi elezewa hivi, daktari niliyeonaga aliandika tu antibiotiki nikaenda. Ile ya kuvuta ngozi ndio kawaida yangu kila asubuhi. Swali langu sasa ni mbili. Supavaiza akisema hiyo nusu milimita bado ni ndevu nifanyeje? Na hii ya binamu kunitumia mashine kutoka Marekani, ni sawa ama nitafute hapa hapa?

Fundi Luthuli

Mimi nauza na kutengeneza hizi vitu hapa Luthuli, wacha nianze na ya binamu kwa sababu hapo ndio watu wanapoteza pesa.

Huko Marekani stima yao ni volti 120, hapa ni 240. Kabla binamu hajalipa chochote mwambie apige picha maandishi madogo kwa adapta, lazima yaseme INPUT 100-240V 50/60Hz. Zikisema hivyo hakuna shida, unatafuta tu plagi ya kubadilisha iingie kwa soketi yetu ya mashimo matatu. Zikisema 120V 60Hz peke yake usiiguse, hasa zile kubwa za waya za vinyozi, ukiichomeka ukutani inapiga kelele kubwa, inachemka, koili inaungua. Naletewa kila mara zikiwa zimeshakufa, tena mpya, na si rahisi kuifufua. Za kuchajiwa na USB ndizo salama zaidi, na stima ikipotea asubuhi unachaji kwa pawabanki.

Sasa aina. Ya wavu, yaani ile foili nyembamba yenye matundu, chini yake kuna visu vinaenda kushoto kulia, nywele inaingia kwa tundu inakatwa. Braun na Panasonic wako huko. Ya vichwa vya mviringo ni Philips tangu 1939, visu vinazunguka. Watu wanakuja wakiuliza ipi ni bora, kwa maoni yangu ya mviringo inashika vizuri nywele za shingo zinazolala kila upande, ya wavu inataka nywele fupi sana, ukikaa siku nne bila kunyoa nywele zinalala chini ya wavu haziingii, inavuta, unaumia. Mimi ningemwambia achukue ya mviringo.

Kitu cha pili, kabla ununue uliza kichwa cha kubadilisha kinapatikana? Hizi mashine zinakufa kichwa kabla mota. Braun wenyewe wanasema badilisha wavu na visu kila miezi 18. Zile za bei ya chini sana za hapa mtaani unapata mashine lakini wavu wake mwingine huupati popote, na wavu ukitoboka mashine imeisha. Pia cheki kama imeandikwa IPX7, hiyo inaweza kuzama kwa maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa, maana yake unaiosha chini ya mfereji bila wasiwasi. Angalia stika ya KEBS, lile shirika la viwango la Kenya, na udai risiti na waranti, fundi mzuri hakatai kukuandikia.

Kinyozi wa Umoja

Fundi hapo kwa stima na vipuri umesema ukweli mtupu. Kwa mviringo tunatofautiana. Nyingi za mviringo zimetengenezwa ziinue nywele kwanza ndio zikate, wanaandika hivyo kwa boksi kama sifa, na kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka ni sifa kweli. Kwa Otis hiyo ni kazi ile ile ya wembe wa visu vingi. Halafu zile duara zinazunguka, mkono unapitisha kila upande, huwezi kufuata nywele zinakoelekea hata ukitaka.

Otis kwa supavaiza, fanya hivi. Trima ndio mashine yako ya kila siku. Ukiwa na siku ambayo lazima uso ung'ae, kuna wageni wakubwa au kuna mkutano, pitisha trima kwanza, halafu mashine ya wavu juu juu tu, bila kukandamiza. Ukikandamiza ngozi inaingia kwa matundu na inakata chini, ukiiwekelea tu inaacha kivuli kidogo sana. Wavu peke yake kwa ndevu za siku kadhaa usijaribu, Fundi ameeleza kwa nini. Na mashavu yako kama hayana vipele unaweza kuyanyoa chini zaidi na wavu, shingo iachie trima. Si lazima uso wote unyolewe na kitu kimoja.

Kuna pia ile OneBlade ya Philips iliyotoka 2016, iko katikati ya trima na sheva, yaani mashine ya kunyoa mpaka chini, na meno yake yana ncha za mviringo na utando wa kuteleza kwa ngozi. Wateja wangu kadhaa wanaitumia na shingo zao zimetulia. Lakini piga hesabu ya kisu, kampuni inasema kinadumu mpaka miezi minne kama unanyoa mara mbili kwa wiki, wewe wa kila siku kitaisha mapema, na kisu kikianza kuvuta usikilazimishe.

Mashine yoyote utakayochukua ngozi inahitaji wiki mbili tatu kuizoea, usiitupe siku ya nne.

Dada wa Famasi

Kuhusu supavaiza, nenda kwa daktari wa ngozi akuandikie barua kwamba una ugonjwa wa vipele vya ndevu na hupaswi kunyoa na wembe. Huu ni ugonjwa unaojulikana, una jina hospitalini, na hata jeshi la Marekani kwa miaka mingi lilikuwa likitoa vibali kwa askari wenye hii shida wasinyoe mpaka chini, ingawa 2025 lilikaza sheria ya hivyo vibali. Peleka barua kabla hajakuuliza, mpe ukiwa umejinyoa nadhifu na trima aone mwenyewe tofauti ni ndogo. Wakubwa wengi wakiona karatasi ya daktari wanalegea.

Na zile poda za kunyolea za kuchanganya na maji zinasaidia wengine, zinayeyusha nywele badala ya kuikata kwa hivyo ncha haiwi kali, ila zinanuka mayai mabovu na ukipitisha dakika zilizoandikwa kwa kopo zinaunguza. Kwa ngozi ambayo tayari ina vidonda kama yako usiguse sasa.

Njeri wa Buru

Naomba niingilie hapa hapa kwa sababu nimekuwa nikitafuta hii habari kwa ajili ya baba yangu. Baba hana vipele, yeye alibadilishiwa valvu ya moyo na anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, anaenda kupimwa INR kila mara, yaani kipimo cha damu inavyoganda. Akijikata kidogo tu na wembe damu haisimami, taulo inaloa, mama anaingiwa na hofu. Nesi alimwambia atumie mashine ya stima lakini mzee ni wa wembe na sabuni tangu ujana, na mikono sasa inatetemeka kidogo. Mzee wa miaka 70 na kitu, mnashauri hii trima ama ya wavu? Na yeye pia ana sukari.

Kinyozi wa Umoja

Dada Njeri shikamoo kwa mzee. Kwa baba ushauri wangu ni tofauti na wa Otis. Trima ina meno wazi, mkono ukitetemeka pembe ya meno inaweza kuchoma ngozi iliyolegea ya mzee. Yeye mnunulieni ya wavu, au ile ya mviringo ya Fundi, hapo namuunga mkono kabisa, kwa sababu kisu kimefunikwa hakigusi ngozi. Anyoe kila siku ndevu zisirefuke. Awe amekaa kitini, kioo mezani, mwanga mzuri.

Jambo moja msilisahau, kila Jumapili hivi toa ule wavu, usafishe, uuangalie ukiwa mbele ya tochi ya simu. Matundu yote yanapaswa kulingana. Ukiona mahali mwanga unapita mkubwa kuliko pengine, au ukingo umepasuka hata kidogo kama unywele, huo wavu usimguse tena, mpasuko ni mdogo lakini unakata ngozi. Kwa mtu mwingine ni mkwaruzo, kwa mzee wa warfarin ni taulo zima.

Na kama anapenda kuletwa kwa kinyozi, mje na mashine yake mwenyewe. Nasema hivi nikiwa kinyozi. Lile boksi la taa ya bluu mnaloona ukutani linaua vijidudu pale tu mwanga unapofika, mashine ikiwa na nywele na mafuta katikati ya meno haisaidii kitu. Lazima ipigwe brashi kwanza, ipanguswe na spiriti, ikae. Ukiona kinyozi ametoa kwa boksi moja kwa moja akaweka kwa shingo, mwambie asafishe, ni haki yako.

Dada wa Famasi

Kinyozi Mungu akubariki kwa hiyo. Niongeze kwamba virusi vya hepataitisi B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hivyo mashine ya mtu ni ya mtu, hata ndugu kwa ndugu nyumbani msiazimane. Njeri, mzee asiache warfarin wala asipunguze kwa sababu ya kunyoa. Akijikwaruza akandamize na kitambaa safi dakika kumi bila kufunua funua kuangalia, na damu ikikataa kusimama baada ya hapo mpelekeni hospitali. Kwa sababu ya sukari, kidonda chochote cha usoni kisichopona kionyeshwe kliniki.

Otis wa Pipeline

Nimeshika. Nachukua trima ya T ya kuchajiwa na USB kwa Fundi wiki hii, ya binamu nimemwambia asubiri mpaka atume picha ya adapta. Sheva ya wavu nitaongeza mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, ile yenye kichwa cha kubadilisha kinapatikana hapa. Niko na likizo inaanza tarehe moja, nitaacha ndevu zikue kwanza kama Dada alivyosema. Je likizo ikiisha ninyoe siku moja kabla ya kurudi ama asubuhi ile ile?

Kinyozi wa Umoja

Jioni kabla ya kurudi. Ndevu za mwezi mzima anza na kichana namba moja, hiyo inaacha milimita tatu, halafu toa kichana umalize bila. Ngozi ipumzike usiku bila kola. Asubuhi osha na maji, paka mafuta yasiyo na manukato, uende kazi.

Dada wa Famasi

Na barua ya daktari itafute ukiwa bado likizo, shingo ikiwa bado ina alama za kuonyesha.